Kusoma Karatasi ya Daino: Niliyojifunza na Subaru Yangu Dar es Salaam

Subaru yangu, Impreza WRX ya mwaka 2002, ilitoka kiwandani Japani ikiwa imeandikiwa nguvu za farasi 250. Nilipoipandisha kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu za gari, hapa Dar es Salaam, magurudumu yalisoma 178. Vijana waliokuwa gereji siku ile walinipa pole. Mmoja akaniambia bila kuficha, "Kaka, hiyo injini imeshachoka, nenda Ilala katafute nyingine." Injini haikuwa imechoka. Mashine haikukosea, na kiwanda nacho hakikudanganya mtu. Namba zote mbili zilikuwa za kweli. Tangu hapo nimekaa na mafundi na kusoma grafu za watu wengi nikitaka kuelewa inawezekanaje, kwa sababu nimeshuhudia injini nzuri zikifa na mamilioni ya shilingi yakipotea kwa ajili ya namba moja iliyochapwa juu ya karatasi.

Nianze na hizo 250. Farasi wa Kijapani na wa Ulaya ni nguvu ya kuinua kilo 75 kwa mita 1 ndani ya sekunde 1, sawa na wati 735.5. Farasi wa Waingereza, aliyepigiwa hesabu na James Watt alipokuwa akiuza mashine zake za mvuke, ni wati 745.7. Kwa hiyo 250 za Kijapani ni kama 247 za Kiingereza, na daino nyingi zimepangwa zisome za Kiingereza. Tofauti ni ndogo, lakini tayari farasi watatu wameondoka na gari halijawashwa.

Jambo kubwa zaidi ni mahali pa kupimia. Kiwanda hupima injini ikiwa kwenye stendi, nje ya gari, nguvu ikichukuliwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini. Daino ya gereji inapima kile kinachofika kwenye tairi. Hapo katikati, kwenye gari kama langu, kuna gia boksi, difu ya katikati, propela shafti, difu ya nyuma, ekseli nne, beringi za magurudumu na tairi zenyewe zinazobonyea zikigusa rola. Kila kimoja kinakula chake. Oili ya gia boksi ikishikwa baada ya kupima inaunguza mkono, na joto lile ni nguvu ya injini ambayo haikufika chini.

Tena hata namba za kiwandani zina historia yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, makampuni ya magari ya Japani yalikubaliana kimyakimya kwamba hakuna atakayetangaza gari linalozidi farasi 280. Ndiyo maana Skyline GT-R, Supra ya turbo, Lancer Evolution na ndugu zake wa Impreza STI wote waliishia kuandikiwa 280, kana kwamba walizaliwa siku moja. Baadhi yao walikuwa na zaidi ya hizo. Makubaliano hayo yalikufa mwaka 2004 Honda ilipotoa Legend ya farasi 300. Basi mtu anayeshika karatasi ya mnada wa Japani na kuichukulia 280 kama kipimo kamili, anashika namba iliyowekwa na makubaliano ya wakubwa, si na mashine.

Kwa ambaye hajawahi kuona, daino ni mashine ya rola zilizolazwa sakafuni. Gari linapanda, magurudumu yanakaa juu ya rola, kisha linafungwa kwa mikanda mizito mbele na nyuma. Feni kubwa inawekwa mbele ya pua, maana gari limesimama na hakuna upepo wa barabarani wa kupoza redieta na intakula, kile kipoza hewa inayoingia kwenye injini. Gari la kuvuta magurudumu yote manne muda wote, kama WRX ya manyo, lazima lipate rola mbele na nyuma. Ukiliweka kwenye daino ya ekseli moja, difu ya katikati itaungua kabla hujapata namba yoyote. Mtu akikwambia "tutapima tu hivyohivyo", chukua ufunguo wako uondoke.

Fundi aliyepima langu ni mtu mzima, mpole, asiyependa haraka. Kabla ya yote alipima upepo wa tairi, akashika mikanda mmoja mmoja akiivuta kwa uzito wake wote. Akapandisha gari taratibu hadi gia ya nne, kwa sababu kwenye gia boksi langu hiyo ndiyo inayokaribia kuzunguka sawa na injini, moja kwa moja. Mizunguko ya injini ikiwa 2,000 na kitu kwa dakika akakanyaga mafuta hadi chini na kuacha mguu hapo. Sauti ndani ya banda inakuingia kifuani. Kazi yote ni ya sekunde chache: sindano inapanda, turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inalia, mizunguko inafika karibu na kikomo, anaachia, anakanyaga klachi, na rola zinaendelea kuzunguka zenyewe kwa muda mrefu hadi zisimame. Kwenye skrini mistari miwili tayari imeshachorwa: wa nguvu na wa torki, yaani msukumo wa kuzungusha shafti.

Aliporudia baada ya muda mfupi, namba ilishuka. Akarudia tena, ikashuka zaidi, hadi 171. Nilimuuliza, "Fundi, mbona inapungua?" Akaniita niweke kiganja juu ya intakula. Haikushikika. "Hewa inayoingia imeshapata moto, mdogo wangu. Hewa ya moto ni nyepesi, oksijeni ni chache. Halafu kontroli boksi nayo inaogopa, inarudisha taimingi nyuma." Kontroli boksi ndiyo kompyuta ya injini, na taimingi ni wakati wa plagi kutoa cheche. Alizima, akaacha feni ifanye kazi, akaenda kunywa chai. Tuliporudi, gari likasoma 177. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata gari moja, siku moja, mashine moja, halina namba moja. Lina mlolongo wa namba, na anayekuonyesha ya juu kabisa bila kukuonyesha nyingine amekuchagulia.

Sasa mashine zenyewe hazifanani. Kuna za aina ya rola nzito, kama Dynojet ya Marekani. Hizi zinajua uzito wa rola yake, zinaangalia rola inachanganya kwa kasi gani, kisha zinapiga hesabu ya nguvu iliyohitajika. Kuna za breki ya umeme, kama Mustang ya Marekani na Dyno Dynamics ya Australia, ambazo zinaweza kulishika gari, zikalizuia kwenye mizunguko 3,500 kwa mfano, na fundi akatengeneza taimingi na mafuta palepale huku injini ikibeba mzigo. Na kuna zinazofungwa kwenye habu baada ya kuvua magurudumu, kama Dynapack ya New Zealand, ambazo tairi hazihusiki kabisa. Kwa mazoea ya watu wa kazi hii duniani, Dynojet huwa inasoma juu kuliko Mustang au Dyno Dynamics kwa gari lilelile. Hakuna iliyo mwongo. Ni kama mizani mbili za sokoni: ukipima nyanya zako hapa leo na kesho ukapima pale, huwezi kusema nyanya zimeongezeka. Pima hapa, ongeza, pima hapahapa.

Kwenye mashine za rola nzito kuna jambo lingine ambalo wapenda magari wa hapa mjini wanapaswa kulijua, maana tunapenda rimu kubwa. Mashine ile inapima kasi ya kuchanganya. Uzito wowote unaozunguka, yaani rimu, tairi, diski za breki, flaiwili, unapunguza kasi hiyo. Ukivua rimu nyepesi za inchi 16 ukavaa za inchi 18 nzito, grafu itashuka, na injini haijaguswa hata plagi. Kinyume chake pia: nimeona mtu akifurahia farasi walioongezeka "kwa sababu ya eksozi", kumbe siku ya pili alikuja na magurudumu mengine mepesi.

Hali ya hewa ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi kuielewa, na kwa sisi wa Dar ni jambo la msingi. Injini inavuta hewa. Hewa ya baridi na kavu ina oksijeni nyingi kuliko hewa ya moto yenye mvuke wa bahari. Ili gari lililopimwa mwezi wa pili, jasho likitutoka, liweze kulinganishwa na lililopimwa mwezi wa saba, mashine huzidisha matokeo kwa namba ya marekebisho. Kiwango kinachotumika sana ni cha wahandisi wa Marekani kiitwacho SAE J1349, kinachochukulia hewa ya nyuzi 25, kavu, yenye mgandamizo wa kilopaskali 99. Siku ya nyuzi 32 hapa pwani, unyevu ukiwa asilimia 75, mvuke peke yake unakaa na kilopaskali 3.5 za mgandamizo wa hewa tunayovuta. Ukipiga hesabu, namba ya marekebisho inatoka kama 1.03. Ndiyo maana kwenye karatasi yangu kuna namba mbili: 178 kama ilivyosomwa, na 184 baada ya kurekebishwa.

Kuna kiwango kingine cha zamani, kinachoandikwa STD, ambacho kinachukulia hewa ya baridi zaidi, ya nyuzi kama 15.5. Gari lilelile, kipimo kilekile, ukibonyeza tu kitufe kutoka SAE kwenda STD, namba inapanda kwa karibu asilimia 4. Farasi 300 wanakuwa 312 bila mtu kushika spana. Kwa hiyo kabla ya kuangalia namba kubwa, tafuta herufi ndogo pembeni. Kama hazipo, au zimekatwa kwenye picha uliyotumiwa WhatsApp, hiyo namba usiitumie kwa lolote.

Jambo hili linakuwa zito zaidi kwa magari ya milimani. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Mbeya nako ni juu vilevile. Hewa ya huko ina mgandamizo wa kama kilopaskali 83, wakati hapa Dar ni kama 101. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu nyingi huko, na namba ya marekebisho inafika kama 1.24, kwa haki kabisa, maana gari likishuka pwani litazipata zile nguvu. Lakini gari la turbo ni habari nyingine. Turbo inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi ikafidia sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana. Ukilizidishia 1.24 juu ya hapo, unafidia mara mbili. Gari la turbo lililosomwa 240 huko litachapishwa 298, na likiteremka Dar halitafika hapo.

Vijana wa gereji walipoona 178 dhidi ya 247 walipiga hesabu haraka: "Basi Subaru inapoteza asilimia 28." Wengine hutumia asilimia 15 kwa gari la kuvuta nyuma na 20 kwa la kuvuta kote, na wakishapata namba ya magurudumu wanaipandisha hadi ya injini ili ivutie. Mimi sipendi hesabu hiyo. Sehemu ya nguvu inayopotea njiani inategemea mzigo, lakini sehemu nyingine, kama oili inayovurugwa na gia, inategemea mwendo wa kuzunguka tu, na haikui kwa sababu umefunga turbo kubwa. Mtu akiongeza nguvu mara mbili kisha akadai gia boksi nayo sasa inakula mara mbili, aeleze joto hilo lote linaenda wapi. Na kwenye gari langu ule upungufu haukuwa wa gia boksi peke yake. WRX ya soko la Japani ilitengenezewa petroli yao ya daraja la juu, yenye oktani karibu 100. Tunayojaza hapa haifiki huko. Sensa ya noki inasikia mafuta yakitaka kulipuka kabla ya wakati, kontroli boksi inarudisha taimingi nyuma, na farasi wanaondoka. Huo ni ulinzi, na naushukuru.

Nije kwenye karatasi iliyonifanya nilichukulie suala hili kwa uzito wote. Rafiki yangu ana Forester ya turbo. Alikwenda gereji fulani, si ile ninayokwenda mimi, wakampandishia busti, yaani mgandamizo wa hewa inayosukumwa na turbo, hadi bar 1.3 na kubadilisha ramani ya kontroli boksi, yaani maagizo yake ya mafuta na taimingi. Akatoka na karatasi ya farasi 287 kwenye magurudumu. Aliipiga lamineshen na kuiweka kwenye boksi la dashibodi, na kila aliyepanda alionyeshwa. Furaha yake ilikuwa ya kweli na sikuona sababu ya kumnyima. Gari lilikuwa na moto kweli.

Miezi michache baadaye alisafiri na familia kwenda Iringa kwenye msiba. Walikuwa watu watano na mizigo, mchana. Kwenye mlima Kitonga, akiwa anapanda nyuma ya malori na kuyapita kila akipata nafasi, injini ikaanza kugonga, ikatoa moshi wa bluu, ikakosa nguvu. Gari lilirudi Dar juu ya lori. Injini ilipofunguliwa, pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imekatika ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Kipande chake tulikishika mkononi: kidogo kama ukucha, kingo zake zimechongoka, upande mmoja umeungua ukawa wa kijivu.

Nilimwomba ile karatasi. Chini ya mistari miwili mikubwa ya nguvu na torki, kulikuwa na kisanduku chembamba chenye mstari mmoja wa kijani ambao hakuna aliyewahi kuuzungumzia. Ule ni mstari wa mchanganyiko wa hewa na mafuta. Petroli inaungua kikamilifu kwa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta. Lakini gari la turbo likikanyagwa hadi chini linahitaji mafuta ya ziada ya kupoza chumba cha kuunguzia, na mafundi makini huweka kati ya 11 na 12 kwa 1. Mstari wa rafiki yangu ulianza vizuri, 11.6 kwenye mizunguko 4,000. Kisha ukaanza kupanda. Kwenye 5,500 ulikuwa umefika 12.3. Kwenye 6,200, pale pale ambapo zile 287 zilipatikana, ulikuwa 12.9. Injekta zilikuwa zimeshafika mwisho wa uwezo, au pampu ya mafuta ilikuwa imechoka, au vyote. Hewa ilikuwa inaongezeka na mafuta hayaongezeki. Moto ulikuwa unapanda kila mzunguko. Yote hayo yaliandikwa, kwa rangi, ndani ya plastiki, kwenye boksi la dashibodi lake.

Na ona tofauti ya mzigo. Juu ya daino injini ilibanwa kwa sekunde chache, feni mbele, mlango wa banda wazi. Kitonga ni dakika baada ya dakika ya kukanyaga mafuta, gari limejaa, mwendo mdogo, hewa ya kupoza intakula ni kidogo. Ramani iliyoponea chupuchupu kwenye rola haikuwa na akiba yoyote mlimani. Namba 287 ilipatikana kwa kutumia akiba ambayo ilipaswa kuilinda ile pistoni. Fundi angeridhika na 255, akashusha busti au akafunga injekta kubwa kwanza, lile gari lingefika Iringa na kurudi. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ndani ya gari kulikuwa na watoto, wakasimama pembeni ya ule mlima, malori yakiwapita karibu, hadi msaada ulipofika.

Tangu siku hiyo, mtu akinipa karatasi ya daino naanzia chini. Naangalia mstari wa mafuta kwanza, kisha mstari wa busti kama upo, kuona kama unatulia au unaruka na kushuka. Baada ya hapo ndipo napanda kwenye nguvu na torki. Na hapo pia siangalii kilele. Kilele ni nukta moja. Gari likiwa kwenye foleni ya Mwenge au likitoka Ubungo kuelekea Kibaha, injini inaishi kati ya mizunguko 2,000 na 4,500. Turbo kubwa inayokupa farasi 40 zaidi kwenye 6,500 lakini inalala hadi 4,000 itakufanya uchukie gari lako kila siku ya kazi.

Mfano ninaoupenda ni wa magari ya rali ya dunia. Kuanzia miaka ya 1990, sheria iliyalazimisha yavute hewa yote kupitia tundu la milimita 34 tu kabla ya turbo. Impreza aliyotwaa nayo ubingwa Colin McRae mwaka 1995 ilikuwa ya enzi hiyo, na nguvu zilizotajwa kwa magari yale ni farasi 300 hivi. Leo kuna vijana Dar wanaozidharau 300. Lakini wahandisi wale, wakiwa wamezibwa juu, walihamishia kazi yao yote chini na katikati, wakatengeneza torki kubwa inayoanza mapema na kukaa tambarare kama meza. Ndiyo iliyoyatoa magari yale kwenye kona za matope.

Kuna hesabu moja ya kukagua grafu ambayo haihitaji chombo chochote. Nguvu ni torki ikizidishwa na mizunguko. Ikiwa nguvu ni za farasi wa Kiingereza na torki ni ya futi na ratili, na mistari yote miwili inatumia kipimo kimoja pembeni, lazima ikatane kwenye mizunguko 5,252. Kila mara, kila injini, iwe ya pikipiki au ya lori, mradi inafika mizunguko hiyo. Ikikatana kwingine, ama vipimo vya kushoto na kulia havifanani, ama torki imeandikwa kwa Newton mita, ama karatasi imechezewa. Kagua vipimo kwanza kabla hujamshuku mtu.

Njia nyingine za kuvutia namba juu nazipitia haraka: kuweka sensa ya joto ya daino karibu na injini ili mashine idhani banda lina joto kali na kuongeza marekebisho, kulainisha mstari hadi vile vilele vya mtetemo vionekane ni nguvu, kupima gari la oto likiwa linabadili gia katikati, kupima intakula ikiwa imemwagiwa maji ya baridi. Si lazima fundi awe na nia mbaya. Mara nyingi ni mteja mwenyewe anayemwambia, "Bosi, nifikishe 300."

Kwenye gari langu tulibadilisha bomba la eksozi, tukafunga intakula kubwa zaidi na pampu mpya ya mafuta, kisha fundi yuleyule akaandika ramani kwa petroli ya hapa. Nilirudi na tairi zilezile, upepo uleule, kiwango kilekile cha SAE. Ikasoma 221 pale iliposoma 184 mwanzoni, mchanganyiko ukiwa 11.4 hadi mwisho wa mizunguko. Zile 37 ndizo namba ninazoziamini, kwa sababu zimepimwa dhidi ya gari lenyewe. Fundi alisema zipo nyingine kama 15 za kuchukua. Nikamwambia azibakishe.

Juzi mdogo wangu wa Tabata alinipigia akiwa ameona Impreza STI inauzwa, imetoka Kenya, na karatasi ya farasi 331 kwenye magurudumu. Bei ilikuwa imepandishwa kwa sababu ya karatasi hiyo. "Kaka, niichukue?" Nikamwambia anipigie picha ya karatasi nzima, hadi pembeni. Ilipofika, juu kulikuwa na Dynojet, SAE, marekebisho 1.24. Nikagawanya: 267 zilizosomwa kweli siku ile. Mstari wa mafuta ulikuwa 11.3 na umetulia vizuri, torki ilianza kujaa kwenye 3,200. Gari zuri, lililotengenezwa na mtu mwenye akili, na lenye thamani ya gari la 267 na kitu. Alimwonyesha muuzaji ile hesabu, wakazungumza kwa heshima, bei ikashuka. Kisha akaenda kupima kompresheni, silinda zote nne zikatoka karibu sawa, akalipa.